Unga Kwanza, Posho Baadaye: Mwongozo Kamili wa Jinsi Picha ya CT Inavyojengwa na Kuchakatwa

Huku kwetu West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, mwanafunzi akija kwa mafunzo ya vitendo katika chumba cha CT, mashine ya eksirei inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, huwa namwuliza kwanza: kamera iko wapi? Wengi hunyoosha kidole kwenye ile pete kubwa anamoingizwa mgonjwa. Ndani ya pete hamna kamera. Mna tyubu inayotoa eksirei, na ng'ambo yake zimo safu za vitambuzi vinavyopima mionzi iliyobaki baada ya kupita mwilini. Kinachotoka hapo ni namba, mamilioni ya namba, na hakuna hata moja inayofanana na ubongo wa mtu. Picha hupikwa baadaye, kwenye kompyuta.

Kwa hiyo wanafunzi wangu wamezoea kunisikia nikitaja unga na posho, yaani ugali. Data ghafi ni unga, picha ni posho. Kwa unga uleule utapika uji mwepesi au posho ngumu, upendavyo. Ila posho ikishaiva hairudi kuwa unga.

Somo hili nililipata kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita, zamu ya usiku, aliletwa kijana wa boda boda aliyeanguka bila helmeti. Nilipiga kichwa, nikajenga vipande, yaani picha za mkato, vya milimita 5 vya kuangalia ubongo, nikatuma, nikaendelea na wengine. Asubuhi daktari wa upasuaji akataka vipande vyembamba vya mfupa wa chini ya fuvu, maana kijana alikuwa akitokwa na maji sikioni. Nikarudi mashineni: diski ilikuwa imejaa usiku, mashine ikafuta data ghafi za zamani ili kupata nafasi, na za kijana zimo. Ikabidi arudishwe mezani apigwe tena, kwa ajili ya picha ambazo ningezipika usiku uleule kwa dakika mbili.

Anza na sanduku la machungwa

Kabla ya kugusa mashine, chukua kalamu. Wafanyabiashara wa mahindi wana bambo, kile chuma cha ncha wanachochomea gunia ili waone kilichomo bila kulifungua. Eksirei ni bambo lisilotoboa, lakini lina kasoro moja: linapita gunia zima na kurudi na jumla tu. Linakuambia limekutana na kizuizi kiasi gani njiani, halikuambii kizuizi kilikuwa mwanzo, katikati au mwisho. Dawa yake ni kuchoma kutoka pande nyingi.

Chora sanduku lenye vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Juu kushoto kuna machungwa 2, juu kulia 7. Chini kushoto 1, chini kulia 4. Sasa funika sanduku na ujifanye hujui. Unachoruhusiwa kujua ni jumla za mistari:

Mlalo: juu 9, chini 5.
Wima: kushoto 3, kulia 11.
Mshazari: kutoka juu kushoto hadi chini kulia 6, kutoka juu kulia hadi chini kushoto 8.

Kazi ni kurudisha zile namba nne. Kila chumba kipe jumla za mistari yote inayokipitia. Juu kushoto kinapata 9, 3 na 6, yaani 18. Juu kulia 9, 11 na 8, yaani 28. Chini kushoto 5, 3 na 8, yaani 16. Chini kulia 5, 11 na 6, yaani 22.

Tazama: 18, 28, 16, 22. Umbo la ukweli linaonekana, chumba chenye mengi bado ndicho chenye namba kubwa, lakini kila kimoja kimevimba kwa sababu kimebebeshwa machungwa ya majirani. Sasa toa jumla ya sanduku zima, ambayo ni 14, kisha gawa kwa 2. Unapata 2, 7, 1, 4. Sanduku limefunguka bila kufunguliwa.

Ukiifanya hesabu hii mara tatu na namba zako mwenyewe, umeelewa nusu ya kazi ya mashine. Kule kuvigawia vyumba jumla za mistari ndiko kurudisha vipimo nyuma. Kule kutoa 14 ndiko kuchuja.

Johann Radon, mwanahisabati wa Austria, alithibitisha mwaka 1917 kwamba kitu kinaweza kurudishwa kutokana na jumla za mistari inayokipitia. Hakuwa na haja ya hospitali. Aliyeirudia hesabu hiyo kwa ajili ya mwili wa mtu, bila kujua kazi ya Radon, alikuwa Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kulifikiria jambo hili mwaka 1956 alipokuwa akisaidia fizikia katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Huwa nawakumbusha wanafunzi kwamba wazo hili lilipita Afrika kabla ya kufika London. Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI ndiye aliyejenga mashine, na mgonjwa wa kwanza alipigwa tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Mashine ile ilichukua vipimo 28,800 kwa kipande, na picha yake ilikuwa na vyumba 80 kwa 80 tu. Cormack na Hounsfield wakagawana Nobeli ya tiba mwaka 1979.

Hatua ya kwanza: pima hewa kabla ya kumpima mtu

Asubuhi pasha tyubu joto kama mashine inavyoelekeza, kisha fanya kipimo cha hewa, pete ikiwa tupu. Usiruke. Kila kitambuzi kina ukali wake, kama mizani za sokoni: moja inazidisha, nyingine inapunja. Kipimo cha hewa ndicho kinachoiambia kompyuta kila kitambuzi kinasoma nini pasipo kitu. Huku kwetu ambako umeme hukatika bila hodi, mashine ikizimika ghafla na kuwaka tena, rudia kipimo hicho kabla ya mgonjwa anayefuata, hata kama foleni inanung'unika.

Hatua ya pili: geuza mionzi iliyopona iwe jumla

Mionzi haipungui kwa kutoa, hupungua kwa sehemu. Kwa nishati ya kawaida ya CT, kila sentimita ya maji hula karibu asilimia 17 ya mionzi inayoifikia. Sentimita ya kwanza inakula asilimia 17 ya yote, ya pili inakula asilimia 17 ya iliyobaki, na kuendelea. Baada ya sentimita 20 hubaki kama asilimia 2 tu.

Ukichukua namba hizo kama zilivyo huwezi kuzijumlisha kama machungwa. Kwa hiyo kompyuta hugawa kilichopokelewa kwa kile kilichosomwa kwenye hewa, inachukua logi asilia ya jibu, na kugeuza alama ya hasi kuwa chanya. Sentimita moja ya maji inakuwa takriban 0.19, sentimita kumi 1.9, ishirini 3.8. Sasa zinajumlishika, na sanduku letu linafanya kazi.

Hapahapa ndipo pia panapozaliwa tatizo la wagonjwa wanene na mabega: ikibaki mionzi kiduchu sana, logi yake inayumba, na picha inajaa chenga, yaani vidoa vya nasibu visivyo vya mwili, zilizopangika kama michirizi kutoka bega hadi bega.

Hatua ya tatu: panga vipimo kwa pembe

Tyubu inazunguka, na katika mzunguko mmoja, ambao kwa mashine nyingi za sasa ni nusu sekunde au sekunde moja, vipimo huchukuliwa kwenye pembe kama 1,000. Vipange mstari kwa mstari, pembe moja chini ya nyingine, upate karatasi inayoitwa sinogramu. Usitafute mtu humo. Kila nukta ya mwili huchora wimbi linalopanda na kushuka. Kadiri nukta ilivyo mbali na kitovu cha mzunguko, ndivyo wimbi lake lilivyo pana. Mgonjwa akitikisika, wimbi linakatika.

Zoea kuwazia sinogramu hata kama mashine yako haikuonyeshi, kwa sababu hitilafu nyingi hueleweka hapo kwanza. Kitambuzi kimoja kikifa, kwenye sinogramu huonekana mstari mmoja ulionyooka kutoka juu hadi chini. Mstari huo ukirudishwa kuwa picha hugeuka duara.

Kwa mashine za siku hizi kitanda husogea huku tyubu ikizunguka, hivyo njia ya mionzi ni kama springi. Kompyuta hukadiria vipimo vya kila kipande kutokana na vya jirani zake. Kitanda kikienda haraka mno, makadirio yanakuwa mengi kuliko vipimo.

Hatua ya nne: chuja, kisha rudisha nyuma

Ukirudisha vipimo nyuma bila kuchuja unapata zile 18, 28, 16, 22: picha iliyovimba, yenye ukungu, kila nukta imezungukwa na mwanga kama taa ya mnara usiku wa ukungu. Kichujio cha msingi kimeumbwa kama mteremko: mabadiliko ya polepole kinayapunguza, mabadiliko ya ghafla, yaani kingo, kinayakuza. Wahindi wawili, Ramachandran na Lakshminarayanan, walionyesha mwaka 1971 namna ya kufanya uchujaji huo kwa hesabu rahisi kwenye vipimo vyenyewe, na jina lao limefupishwa hadi leo kwenye programu.

Tatizo la mteremko ni kwamba chenga nazo ni mabadiliko ya ghafla, basi kichujio huzikuza pamoja na kingo. Watu hulainisha mwisho wa mteremko, kidogo au sana kulingana na wanachotafuta. Uchaguzi huo ndio unaoitwa kerneli kwenye mashine, na ndio uamuzi wako wa kwanza kama mpishi. Kerneli laini kwa ubongo, ini na tishu nyingine. Kerneli kali kwa mfupa, sikio la ndani na mapafu. Hakuna inayofaa yote. Picha ya ubongo iliyopikwa kwa kerneli kali inaonekana kama imenyunyiziwa mchanga, na ya mfupa iliyopikwa kwa kerneli laini inafunika ufa mwembamba kama lami ilivyofunika barabara.

Hatua ya tano: au kisia, linganisha, sahihisha

Kuna njia nyingine, na sanduku letu linaionyesha vizuri. Anza kwa kukisia kwamba machungwa 14 yamegawanywa sawa: 3.5 kila chumba. Mlalo wa juu unatoa 7, lakini kipimo kilisema 9. Umepungukiwa 2, ongeza 1 kila chumba cha juu. Wa chini umezidi 2, punguza 1 kila kimoja. Sasa juu ni 4.5 na 4.5, chini 2.5 na 2.5. Nenda wima: kushoto unapata 7, kipimo ni 3, punguza 2 kila kimoja. Kulia 7 badala ya 11, ongeza 2. Una 2.5 na 6.5 juu, 0.5 na 4.5 chini. Maliza na mshazari: wa kwanza unatoa 7 badala ya 6, punguza nusu nusu, wa pili 7 badala ya 8, ongeza nusu nusu. Jibu: 2, 7, 1, 4.

Mashine hufanya hivyo kwa vyumba 262,144 vya kila kipande, yaani 512 kwa 512, na huweza kuzunguka mara nyingi. Hounsfield mwenyewe alianza na njia ya aina hii, ikaachwa kwa sababu kompyuta za wakati ule zilichoka, na ikarudi kwa nguvu kuanzia karibu mwaka 2009. Faida yake ni kwamba unaweza kuifundisha kompyuta jinsi chenga zinavyotokea, ikazipuuza, nawe ukapunguza mionzi. Tangu 2019 kumeingia pia ujenzi unaotumia akili unde, uliofunzwa kwa mifano ya picha safi.

Maoni yangu: tumia, lakini usiweke kiwango cha juu kabisa. Picha zikilainishwa kupita kiasi zinapata sura ya plastiki, ini linakuwa kama limepakwa mafuta, na kivimbe kidogo kisichotofautiana sana na ini kinaweza kulainishwa nacho kikapotea. Mimi huanzia kiwango cha katikati na kumwuliza daktari wa radiolojia kabla ya kupanda.

Hatua ya sita: amua unene na upana kabla mgonjwa hajaondoka

Hapa ndipo usiku wangu ule ulipoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kipande kinene kina chenga chache kwa sababu kinajumlisha mionzi mingi. Ukitoka milimita 5 kwenda milimita 1 kwa mionzi ileile, chenga huongezeka zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana watu hupenda vinene: vinapendeza. Lakini unene unachanganya. Chukua damu nyembamba ya milimita 1 yenye thamani 65 ndani ya ubongo wenye 35 (ni namba za Hounsfield, nitazieleza hatua ya saba). Kwenye kipande cha milimita 1 utaiona 65. Kwenye kipande cha milimita 5 inagawanywa na milimita nne za ubongo: 65 na 35 mara nne, gawa kwa tano, unapata 41. Tofauti ya 30 imekuwa 6, nayo inamezwa na chenga.

Upana wa eneo unalolijenga nao ni uamuzi. Picha huwa na pikseli 512 kwa upande. Ukijenga kichwa kwa upana wa milimita 250, kila pikseli ni kama nusu milimita. Ukijenga kwa milimita 500, ni karibu milimita nzima. Ukitaka sikio la ndani, jenga upya kutoka data ghafi kwa upana wa milimita 100, upate pikseli ya milimita 0.2. Kukuza kwa vidole kwenye kioo hakuongezi kitu. Kunapanua pikseli zilezile. Pikseli ndogo nayo haizidi uwezo wa vitambuzi, basi usishuke hadi sifuri ukidhani utaona seli.

Kwa kila kichwa cha ajali mimi sasa najenga seti tatu, mgonjwa akiwa bado chumbani: ubongo kwa milimita 5 na kerneli laini kwa ajili ya kusoma haraka, ubongo kwa milimita 1 na kerneli laini kwa ajili ya kugeuza pande nyingine, na mfupa kwa milimita 1 au chini na kerneli kali. Hazimwongezei mgonjwa mionzi hata chembe. Unga ni uleule.

Mionzi yenyewe si ya kuchezea. Kipimo kimoja cha kichwa huwa karibu milisivati 2 (kizio cha dozi ya mionzi), tumbo 8 hadi 10, wakati wastani wa dunia wa mionzi ya asili ni milisivati 2.4 kwa mwaka mzima. Na ukitaka kupunguza chenga kwa nusu kwa kuongeza mionzi, inabidi uiongeze mara nne. Nchini Uganda mashine hizi husimamiwa na Baraza la Nishati ya Atomiki chini ya sheria ya mwaka 2008, kwa hiyo ripoti ya dozi inayotoka mwisho wa kila kipimo ihifadhiwe pamoja na picha, isitupwe.

Hatua ya saba: namba za Hounsfield

Jibu la ujenzi ni kiasi ambacho kila chumba kinazuia mionzi. Ili mashine zote ziongee lugha moja, namba hiyo hulinganishwa na maji: toa thamani ya maji, gawa kwa thamani ya maji, zidisha kwa 1,000. Maji yanakuwa 0, hewa 1,000 hasi. Tishu yenye 0.20 wakati maji ni 0.19 inakuwa takriban 53.

Zinazostahili kukaa kichwani: mafuta kati ya 100 hasi na 50 hasi, maji ya ubongo 0 hadi 15, ubongo mweupe 20 hadi 30, ubongo wa kijivu 37 hadi 45, damu mpya iliyoganda 50 hadi 80, mfupa mgumu mamia kadhaa hadi kupita 1,000. Weka duara dogo juu ya unachokishuku, usome wastani. Macho hudanganywa na kilicho jirani, duara halidanganyiki kirahisi hivyo.

Kwa anayesoma faili za DICOM, muundo wa kawaida wa faili za picha za tiba, kwa programu yake mwenyewe, mtego mmoja: namba iliyohifadhiwa si lazima iwe ya Hounsfield. Faili hubeba kizidisho na kiongezo, mara nyingi 1 na 1,024 hasi. Usipovitumia, maji yako yatasoma 1,024 nawe utashangaa mgonjwa amejaa mfupa.

Hatua ya nane: fungua dirisha linalofaa

Thamani ni zaidi ya 4,000, na jicho halitofautishi rangi za kijivu kiasi hicho. Basi unachagua sehemu ya kuonyesha: kitovu cha dirisha na upana wake. Ubongo hutumia kitovu 40 na upana 80, yaani kuanzia 0 hadi 80. Chini ya 0 yote ni nyeusi, juu ya 80 yote nyeupe. Tumbo kitovu 50 na upana 400. Mapafu kitovu 600 hasi na upana 1,500. Mfupa kitovu 500 na upana 2,000.

Pima uzito wake. Damu ya 70 na ubongo wa 40 hutofautiana 30. Kwenye kioo chenye ngazi 256 za kijivu, dirisha la ubongo linazipa ngazi 96 za tofauti. Dirisha la mfupa linazipa nne. Nne! Hakuna jicho litakaloona. Nimepokea jamaa kutoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, amebeba filamu ya kichwa ya mzee wake imekunjwa ndani ya kaniki, imechapishwa dirisha la mfupa peke yake. "Daktari, tumeambiwa hakuna kitu." Kwenye filamu hiyo kweli hakukuwa na kitu. Na filamu haina kitufe cha kugeuza dirisha.

Kwa kichwa cha ajali pitia madirisha matatu: la ubongo, lenye upana wa 200 hivi kwa ajili ya damu iliyolala ubavuni mwa fuvu ambayo kwenye dirisha jembamba huungana na weupe wa mfupa, kisha la mfupa kwenye seti ya kerneli kali. Kubadilisha dirisha ni bure na hakugusi data. Kubadilisha kerneli kunadai data ghafi. Wanafunzi wengi huvichanganya viwili hivi: wanafungua dirisha la mfupa kwenye seti laini na kuiita picha ya mfupa.

Hatua ya tisa: geuza pande, na uwe na kiasi

Kutoka vipande vyembamba unaweza kukata upya kwa mbele au kwa ubavu. Ukitumia vya milimita 5, uti wa mgongo utatoka na ngazi kama za ghorofa. Tumia milimita 1 au chini, vikiwa vimepandana kidogo. Kwa mishipa iliyopewa dawa ya kung'arisha, kuna mtindo wa kuchukua thamani kubwa kuliko zote kwenye kila mstari. Mishipa inatoka vizuri, ila mfupa na chokaa ya mishipa ni nyeupe zaidi na vitakuficha penye msongamano. Zile picha za umbo kamili zenye rangi hupendwa na ndugu wa mgonjwa, na daktari wa mifupa huzitumia kupanga vyuma. Usisome ugonjwa humo: kizingiti ulichochagua kinaweza kuziba ufa au kutoboa mfupa mwembamba ulio mzima.

Vivuli vya uongo

Duara linalozunguka kitovu: kitambuzi au kipimo cha hewa. Rudi hatua ya kwanza, na likibaki, mwite fundi.

Utepe mweusi kati ya mifupa miwili mizito nyuma ya fuvu hutokea kwa sababu mfupa hula mionzi dhaifu kwanza, ikabaki ile kali, na kompyuta ikadhani tishu ya katikati ni nyepesi. Hapo ndipo lilipo shina la ubongo, kwa hiyo usikimbilie kuita kiharusi.

Kingo mbilimbili na michirizi ni mgonjwa aliyetikisika. Kabla ya kurudia yote, angalia kama ni vipande vichache tu, urudie hivyo.

Chuma, iwe risasi, vyuma vya mifupa au meno, hutoa miale myeusi na myeupe. Ondoa kinachoondoleka: hereni, pini za nywele, hirizi kwa adabu na ruhusa ya mwenyewe. Programu za kupunguza miale zipo, lakini linganisha kila mara na picha ambayo haijasahihishwa, kwa sababu huweza kula ukingo wa mfupa ulio karibu na chuma.

Hatua ya kumi: hifadhi na utume

Vipande 300 vya kawaida ni kama megabaiti 150. Kwa intaneti ya huku hiyo ni safari, na kishawishi cha kupiga kioo picha kwa simu na kutuma WhatsApp ni kikubwa. Ukilazimika, tuma kwa ajili ya kushtua tu, kisha tuma DICOM zenyewe. Picha ya simu haina namba za Hounsfield, haina dirisha la kugeuza, na mara nyingi ina jina la mgonjwa pembeni. Kama njia ni nyembamba, bana faili kwa njia isiyopoteza data, tangulize seti ya milimita 5 ili daktari aanze kusoma, na seti nyembamba ifuate usiku. Jina lifutwe ndani ya faili lenyewe pale picha inapokwenda kufundishia.

Data ghafi usitegemee kuikuta kesho. Angalia mashine yako inashika siku ngapi au wagonjwa wangapi, andika karatasi, bandika ukutani. Kesi ya ajali, ya mtoto, au yenye swali ambalo halijajibiwa, ifunge isifutwe hadi ripoti isainiwe.

Jaribu mwenyewe kwenye laptopu

Laptopu ya kawaida inatosha. Weka Python, lugha ya kuandikia programu, na maktaba yake ya scikit-image, zote bure. Ndani yake kuna fantomu ya Shepp-Logan, kichwa cha kuchora kilichobuniwa mwaka 1974 kwa ajili ya majaribio haya. Ipunguze iwe kama pikseli 160 kwa upande. Tumia amri ya radon kupata sinogramu, na iradon kuirudisha.

Fanya kwanza kwa pembe 180, kichujio cha ramp, yaani ule mteremko. Kisha ondoa kichujio uone uvimbe. Kisha punguza pembe ziwe 18: utaona miale kama nyota, ndiyo adhabu ya vipimo vichache. Ongeza chenga kwenye sinogramu na ulinganishe kichujio cha ramp na cha hann, yaani mteremko uliolainishwa. Futa safu moja ya kitambuzi uone duara likizaliwa mbele yako. Kisha iradon_sart, ile njia ya kukisia na kusahihisha, mzunguko mmoja, mizunguko mitatu, mizunguko ishirini, ukiweka kando kila jibu na kulitoa kwenye fantomu ya asili ili uone makosa peke yake. Kwenye ishirini, ukiwa na chenga, picha huanza kuharibika tena, kwa sababu kompyuta imemaliza kujifunza kichwa na sasa inajifunza chenga. Tafuta mzunguko ambao ungesimama, na uuandike kabla ya kumwonyesha mwenzako, naye aandike wake.